Mtu wa Chini

Fuso iligoma kwenye utelezi, chini kidogo ya kisima.
Dereva akasema yeye alilipwa kwa barabara, si kwa matope.
Basi tukaishusha palepale, ndani ya ukungu wa Juni,
kilo mia nne themanini za chuma ndani ya kreti,
nasi watu sita, kamba ya katani,
na magogo ya mkaratusi tuliyoyamenya yateleze.

Gogo likibaki nyuma, kijana wa Mwalongo
analikimbiza mbele. La nyuma, mbele. La nyuma, mbele.
Ndivyo mashine ilivyopanda kilima cha Uwemba,
kama bibi harusi asiye na haraka ya kufika.

Mlango haukutosha.
Nilikuwa nimepima mashine, nikapima chumba,
mlango nikausahau. Mimi, fundi milango.
Tukabomoa ukuta wa ubavuni, tofali mistari minane,
Leokadia akihamisha viazi vya mbegu
gunia kwa gunia, bila neno.
Ukimya wake naujua: kwenye mkopo wa kikundi
jina lake liko juu ya langu.

Kreti niliivunja kwa adabu.
Mbao zao za ng'ambo zina mafundo kama magoti ya mbuzi,
paini yetu ingeziaibisha.
Misumari, lakini, nimeitunza kwenye kopo.

Saa nne akaja Menrad Nyagawa. Hakuitwa.
Miaka kumi na tisa tulipasua mbao, mimi na yeye,
mimi juu ya gogo, yeye shimoni,
msumeno mmoja ukienda na kurudi kati yetu.
Mimi nilishika mstari, na sifa.
Yeye alishika uzito,
vumbi likamwingia machoni mwaka hadi mwaka
mpaka macho yakawa na rangi ya chai.
Hata fedha, siku ya kugawana, nilihesabu mimi.

Alichukua pima maji mkononi mwangu, akapiga magoti.
"Kona ya kule. Tia bati."
Nikatia bati.
"Jingine."
Kiputo kikatambaa, kikasita, kikalala katikati.
Tukakaza boliti nne sakafuni, zamu kwa zamu,
tusiseme la zamani.

Kisha nikafungua vifuniko:
gurudumu juu, gurudumu chini,
na mkanda wa meno umeyavaa yote mawili.
Menrad alitazama kitambo.
"Kumbe na huyu," akasema, "ana mtu wa chini."

Nilizungusha kwa mkono. Mkanda ukakimbilia ukingoni.
Nikainamisha gurudumu la juu, unywele mmoja tu.
Ukarudi. Ukatoroka tena.
Nikainamisha, nikangoja, ukakaa.
Kijitabu ni cha Kichina, lakini picha zinasema wazi:
la juu ndilo la kusahihishwa.
La chini haliguswi.
Mota iko kwake.

Castory wa umeme akawasha, na meno yakapanda juu
badala ya kushuka, kama mtu anayefuta kauli.
"Nyaya mbili zimebadilishana viti," akasema, akazirudisha.
Safari hii sauti ikawa nyembamba, ya kunyooka,
kuku wakahama uani,
na mita ya umeme ikaanza kula uniti zake.

Menrad alikuwa amekuja na kipande cha mwati begani.
Nikampa mkaa achore mstari.
Akasita, maana mkaa ulikuwa wangu siku zote.
Akachora. Umepinda kidogo. Sikuurekebisha.

Tukausukuma mwati pamoja, polepole,
mikono minne mbali na meno.
Vumbi likashuka chini ya meza, lote,
kwenye gunia tupu la viazi.
Hata chembe moja haikumfikia.

Nikamtazama nimwambie aone,
naye alikuwa amesimama wima, hapa juu, upande wangu,
kidevu kimeinuka,
macho ameyafumba.